Bakteria wa shamba la mama wamelishinda joto

Itigi, Jumamosi, Oktoba.

Jua la leo ni kali, hata kuku wamejazana chini ya kichanja cha vyombo. Mimi nina furaha na sitaificha.

Ninasomea viumbe wadogo chuoni. Mwaka jana nilichimba udongo kwenye shamba la karanga la mama, hapa Itigi, nikapata bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi na kuurutubisha mmea. Mwezi kama huu udongo wetu unaunguza nyayo, lakini wao wanaishi. Nilitaka kujua kwa nini.

Nilishuku RNA moja ndogo sana, molekuli ya ndani ya seli iliyo jamaa ya DNA. Yenyewe haibebi maagizo ya kutengeneza protini. Inashikamana na RNA zinazobeba maagizo hayo, nyingine inazizuia, nyingine inazihimiza. Joto likipanda, bakteria huitengeneza kwa wingi, na protini zinazokinga nyingine zisiharibike hutengenezwa upesi. Nilipowaondolea RNA hiyo, joto liliwamaliza.

Msimamizi wangu alitikisa kichwa. "Huenda uliharibu kitu kingine ulipoiondoa. Warudishie. Wakistahimili, nitakuamini."

Niliwarudishia, nikawapima. Wakafa.

Siku iliyofuata nikaikuta chupa ya bakteria waliorudishiwa RNA haijafunguliwa hata kizibo. Nilikuwa nimechota mara mbili kwenye chupa ya wale wasiokuwa nayo!

Nilinyamaza siku mbili. Naandika hili kwa aibu. Niliogopa kuonekana natafuta kisingizio baada ya kushindwa. Siku ya tatu nilimwambia msimamizi kila kitu. Hakunigombeza.

"Rudia," alisema. "Ila atakayehesabu ni Zuhura, na asijue chupa ipi ina bakteria gani."

Zuhura ni mwanafunzi mwenzangu, hapendelei mtu. Juzi niliwapasha bakteria joto, nikamwachia sahani za kuoteshea zenye namba tu, nikapanda basi kuja nyumbani. Kukaa pale kungeniua.

Leo saa nne amepiga simu kunisomea hesabu, nami nikazilinganisha na orodha yangu ya namba. Wasiokuwa na RNA wamekufa karibu wote. Waliorudishiwa wameota sawa na wale wa shambani. Msimamizi ameziona sahani mwenyewe, akasema niandike matokeo.

Nilikuwa sahihi.

Nilimkimbilia mama shambani, alikokuwa anang'oa visiki.

"Shikamoo mama! Wamepona!"

"Marahaba. Nani alikuwa mgonjwa?"

Nilimweleza, naye akasikiliza huku ameegemea jembe. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mtu chuoni aliyeniuliza.

"Kwa hiyo karanga zangu zitazaa zaidi?"

Sikumdanganya. Nilimwambia chupani si shambani, bado sijui.

"Basi njoo ujue. Nitakuachia matuta mawili upande wa reli."

Sahani zimenipa jibu moja, mama amenipa kazi ya msimu mzima. Naiweza. Mvua ya kwanza ikinyesha, nitakuwa hapa na mbegu mkononi.