Kumbukumbu ya Bwana Jua, Aliyesubiri Kikombe Kimoja

Saa tatu asubuhi leo umeme umekatika mtaa mzima. Mkeo alikuwa jikoni akiosha vyombo. Aliposikia friji imenyamaza, akaketi sakafuni pale pale.

Mwaka umetimia, Bwana Jua, tangu ulipotutoka, na bado friji ikinyamaza yeye huacha kila alichoshika.

Jina hilo walikupa wenzako kiwandani. Katika chumba kisicho na dirisha uliwasha taa kubwa yenye mwanga kama wa jua la adhuhuri, na kila paneli ya sola ikapimwa chini yake kabla ya kuuzwa. Jua la nje lina mawingu, ulituambia. La kwako halina kisingizio. Mkeo alikutania kwamba mwenye jua lake ndiye ambaye nguo zake hukauka mwisho. Ulicheka, ukaenda kuzianika mwenyewe. Ulipoharakishwa na wakubwa hukupitisha paneli mbovu. Kuna nyumba itakaa gizani kwa sababu yake, ulisema.

Taa ile ina gesi iliyoshindiliwa ndani, na ikiguswa ingali ya moto huweza kupasuka kama bomu. Basi ulikuwa na desturi yako: ukiizima, ulitoka nje, ukanywa kikombe kimoja cha chai hadi tone la mwisho huku feni ikiipoza, ndipo ukafungua sanduku lake kuibadili. Siku ile umeme ulikatika, na feni nayo ikasimama. Ulikunywa kikombe kile kile kimoja. Chumba kilikuwa giza, ukapandisha kinga ya uso ili uone, ukafungua sanduku taa ingali ya moto, nayo ikapasuka. Hayo ndiyo yaliyothibitishwa.

Kazi yako sasa anaifanya binti yako mkubwa. Mama yake alimsihi aiache, akamkumbusha kwamba aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Binti akajibu kuwa huyu nyoka yeye anamjua kwa sura.

Leo umeme ulipokatika, simu ya binti huko kiwandani iliita bila kupokelewa. Kaka yako, aliyekuwa akiandika tangazo hili, aliweka kalamu chini. Mkeo alipiga tena na tena, mikono ingali na povu la vyombo, mwanao wa mwisho akimshikia simu sikioni. Mwishowe ikapokelewa.

"Mama, sijafungua. Niko nje, nakunywa chai."

"Kikombe cha ngapi?"

"Cha tatu. Na sifungui mpaka umeme urudi, feni izunguke."

"Usikate simu."

Hakukata. Wakakaa hivyo, kila mmoja akisikia mwenzake anavyopumua.

Tunaokukumbuka kila kunapokucha: mkeo, kaka yako seremala, mwanao wa mwisho, na binti yako mkubwa, ambaye mchana huu, umeme uliporudi na taa ikapozwa na feni, aliibadili, akatoka chumbani mzima, kinga ingali usoni.