Kihamba Ulichokigawa kwa Sheria ya Mzee Rogeri

Baba,

Shikamoo sikupi leo. Utaipata siku hasira zikinishuka.

Nyumba ya Edmonton, hapa London, iko vilevile, ila kiti chako nimekitoa nje na jirani akakichukua. Nimerudi kazini kuogesha wazee wa watu, kama nilivyokuogesha wewe. Wajukuu zako wanauliza, "Where's Babu's chair?"

Tulikuzika Kibosho, kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo, migombani, ubavuni mwa Mama. Siku ya kuvunja matanga ukoo ulikaa, Baba Mdogo akawasha simu, tukasikiliza sauti yako uliyorekodi kabla hujafa: kihamba chote, na nyumba, apewe Kaka, kwa kuwa ndiye kifunguamimba. Watu wakatazamana. Kwetu Uchagani mwana wa kwanza hutafutiwa pake, na Kaka ulishampa shamba la tambarare zamani. Nyumba ya wazazi ni ya kitindamimba, maana ndiye anayebaki kuwatunza. Kitindamimba ni mimi. Niliyekutunza ni mimi. Baba Mdogo akauliza, "Hii ni desturi ya wapi, jamani?" Ningesemaje? Kwamba ni ya Mnormani, mvamizi wa kale wa Uingereza, aliyechongwa kwa jiwe juu ya kaburi lake kanisani huko Essex?

Mzee Rogeri wako! Kila Jumamosi nilisukuma kiti chako cha magurudumu juu ya kokoto za kanisa lile ili ukamsalimie. Dereva wa basi mstaafu, mtoto wa mkulima wa kahawa, unampapasa mbwa wa jiwe miguuni pa bwana aliyegawiwa vijiji vya watu na mfalme wake mvamizi! Waliokuwa wakivilima hakuna aliyewauliza. Nilikukumbusha kuwa hata kwetu walikuja watu wa namna hiyo, wakajikatia mashamba. Ukanijibu, "Lakini huyu alijua kutunza ardhi, my son. Ardhi haikatwi. One land, one heir."

Mwongo. Ndiyo, nimesema. Ni wewe mwenyewe uliyenisimulia, huku ukinywa mtori wangu na kulalamika kuwa ndizi za London zina ladha ya sabuni, kwamba Rogeri alimwachia mwanawe wa kwanza ardhi ya mababu ng'ambo ya bahari, na hii ya Uingereza akampa wa pili. Aligawa, Baba! Uliijua hadithi nzima, ukachukua kipande kilichokufaa. Ulitaka Kaka akukumbuke, yeye ambaye hata simu alikuwa hakupigii, na mimi niliyekuwepo ukaniona kama samani ya nyumba. Fadhila za punda ni mateke.

Sasa sikia matokeo yake. Kaka anauza. Amepata mtu wa kujenga hoteli ya watalii, na kwenye simu akaniambia, "Makaburi yatahamishwa, dogo, mambo ya kawaida siku hizi." Wewe na Mama mtapelekwa makaburi ya mjini, mkalale na wageni. Hata huyo Rogeri hajahamishwa.

Nimelia kwenye basi la kwenda kazini, mtu mzima na ndevu zangu. Nakuchukia, Baba. Na bado nikipita sokoni mkono unaenda wenyewe kwenye ndizi mbichi, nachagua zile ngumu ulizozipenda, halafu nazirudisha.

Nimekata tiketi. Baba Mdogo na wazee wa ukoo wananisubiri. Nitapanda masale, mimea yetu mitakatifu, kuzunguka kaburi lako na la Mama, yawe mpaka ambao Mchaga mwenye akili zake hathubutu kuung'oa, na nitakaa hapo mpaka Kaka na mnunuzi wake wachoke. Jani la sale la kuombana msamaha sikuletei. Hilo ulipaswa kuniletea wewe, ungali hai.

Kihamba umempa yeye. Kukulinda umeniachia mimi, kama kawaida yako.

Kwaheri, Baba. Sijakusamehe, na hakuna atakayekufukua.

Mwanao wa mwisho