Kompyuta ya Baba Imekubali

Kimandolu, Arusha
Desemba 2003

Kaka Ndesanjo,

Mama anakusalimu sana. Hatujambo, na migomba imezaa vizuri.

Ile CD ya video ya mwanao Anande haikufunguka kwenye kompyuta kuukuu ya marehemu Baba, kwa hiyo nikaamua kuiwekea Windows mpya. Kila ikifika katikati inaganda. Fundi wa Themi akacheka: "Dada, hii ipeleke makumbusho!" Nikaongeza memori, ikaganda tena. Mwishowe nikachomoa kadi ya sauti, nikaanza upya, ikawaka! Nilipiga vigelegele hadi kuku wakatawanyika.

Anande akatokea anaruka na kuongea, ila bila sauti. Mama akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Sijui anasema nini," nikamwambia.

"Wewe humsikii? Anasema, 'Shikamoo, bibi.' Marahaba, mjukuu wangu!"

Tulicheka mpaka tukatoa machozi. Tangu hapo Mama ananiambia niiwashe kila siku.

Kaka, amenikataza kukuambia, lakini macho yake yanafifia na daktari anasema hayatapona. Njoo na Anande Pasaka hii, Mama amwone angali anaona.

Mdogo wako akupendaye,
Tabea