Nani Aubebe Mkuki wa Babu

Jumapili, 9 Februari 2025

Baada ya misa Baba mdogo Optatus alipita nyumbani. Chai, mihogo, manung'uniko. Ule uenyekiti wa mtaa bado haujamtoka moyoni – jina lake lilikatwa Novemba kabla ya kampeni, eti fomu ina kasoro. Anasema haumii kwa kukosa cheo. Angeshindwa kwa kura angelala usingizi. Namwelewa. Siku ya uchaguzi hata mimi nilifika kituoni nikakuta jina moja tu.

Kisha akageukia tarehe 27, siku ya kuwakumbuka mashujaa walionyongwa na Wajerumani. Mzee Rupert, mkubwa wetu, aliyekuwa akibeba mkuki na ngao ya ukoo kila mwaka pale mnarani Mahenge, hapa mjini, tulimzika Desemba. Baba mdogo anasema mwaka huu atabeba yeye. Amesema tu, kama anayenitajia bei ya mbolea. Nikamwongezea sukari.

Jumatano, 12 Februari

Shangazi Ludovika kapiga simu toka Madaba. Anautaka mkuki. Nilicheka, nikidhani utani – lakini Shangazi hatanii kwenye simu, vocha inakwisha.

Anasema Babu yetu wa zamani, mwenye mkuki, alinyongwa na Wajerumani, sawa, na wenzake wakanyongwa. Waliobaki kulima kwenye ile njaa ya baada ya vita, nani? Wajane na mabinti. Bibi yake yeye alikuwa mmoja wao. Anataka awepo mwanamke wa kulitaja jina la Babu pale mbele za watu, angalau mara moja kabla hajafa.

Nimeuza dawa siku nzima nikiwaza hilo. Sikuwahi kujiuliza. Aibu kidogo.

Jumamosi, 15 Februari

Leo nimeharibu.

Baba mdogo alikuja dukani kuchukua dawa ya presha. Nikamweleza la Shangazi. Akasema wanawake hawahesabiwi kwenye mambo ya mkuki, mahoka watakasirika – yaani wazee wetu waliolala wana muda wa kutuchunguza! Nikasema basi ukoo upige kura. Mambo ya ukoo hayapigiwi kura, akasema, anateuliwa anayefaa. Nani anateua? Yeye, ndiye mkubwa sasa.

Nikamjibu polepole: "Na mtaani walikwambia hivyohivyo, Baba."

Akachukua dawa yake, akatoka bila kuaga. Huyu ndiye aliyenilipia ada ya chuo baba alipofariki. Hili duka nisingekuwa nalo. Lakini nilisema kweli. Vyote viwili vimenikaa kifuani.

Jumanne, 18 Februari

Mvua. Hajapita dukani. Cornel, mwanawe, kaniandikia meseji: dada, umemwambia nini mzee, chakula anakigusagusa tu.

Alhamisi, 20 Februari

Baba mdogo kaita ukoo Jumapili, kwake. Neno kura hakulitaja. Kasema "tukubaliane".

Jumapili, 23 Februari

Naandikia hapahapa, barazani kwa Baba mdogo, daftari likiwa gotini. Wanadhani naandika muhtasari wa kikao. Waache.

Wamekuja wa Madaba na pombe yao ya ulanzi, wamekuja wa Lusewa. Shikamoo hadi koo limekauka. Tumekula ugali na maharage, kisha Baba mdogo akasimama kueleza kwa nini abebe yeye. Alieleza vizuri. Shangazi naye akasimama, akasema yale ya wajane na mabinti. Wakinamama wa Lusewa wakapiga kigelegele. Hapo mzee wa Madaba akatoa wazo: tupange mstari, kila mtu nyuma ya anayemtaka, tumalize, mvua inakuja.

Ikapangwa. Nyuma ya Shangazi mstari ukafika mpaka kwenye banda la kuku. Nyuma ya Baba mdogo – wazee wachache, na Cornel, kichwa chini. Mtoto ataanzaje kusimama kwingine baba yake akimtazama? Na mimi nilibaki hapa barazani. Sikwenda popote.

Baba mdogo akautazama mstari wake, akamtazama Cornel muda mrefu. Kisha akaniangalia mimi. Akasema hapana. Kura ni siri. Mtu asipige kura huku anatazamwa.

Wakacheka – ameona anashindwa, wakasema. Inawezekana. Lakini yuko sahihi! Mimi mwenyewe nilishusha pumzi. Shangazi naye akakubali, akasema sawa kaka, iwe siri, na tuhesabu mbele ya watu wote.

Sasa hakuna karatasi. Nyumba nzima hakuna, ila hili daftari langu. Baba mdogo amekuja kuniomba mwenyewe, kwa adabu, kama mgeni. Anataka vipande viwe sawa, visitofautiane hata kidogo. Nimeanza kuchana za nyuma. Sijui bado changu nitakiandika jina gani. Nampenda huyu mzee, na mkuki ninamtakia Shangazi.

Cornel ameleta sufuria ya kuwekea kura. Shangazi ameuliza, bila kupaza sauti, kama karatasi za wanawake zitaingia humohumo pamoja na za wanaume.

Baba mdogo ameishika ile sufuria kwa mikono miwili, bado hajajibu.