Ruhusa ya Askofu

Kilolo, Iringa
14 Agosti 1956

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi yetu. Natumaini barua hii itakukuta Uyole ukiwa mzima, na kwamba bibi ameanza kula na mguu wake umepungua kuvimba. Mwambie mjukuu wake anamkumbuka. Mimi mwili sijambo. Mahindi tumekwisha kuvuna, njegere zimekubali, na yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike mwenye afya. Nimeanza na habari za ng'ombe kwa makusudi, Mama, kwa kuwa habari zangu mwenyewe sijui nizianzie wapi.

Unakumbuka jinsi marehemu baba alivyowaita wazee akiwa bado na nguvu ya kukaa, akasema mbele yao kwamba shamba la bondeni na nyumba ni vyangu mimi Sekela, na asitokee mtu wa kunibughudhi. Basi, mara tu ulipoondoka kwenda kumuuguza bibi, Shangazi Esta alihamia hapa. Alisema msichana hawezi kulala peke yake katika nyumba ya msiba. Nilimshukuru. Alinipikia, akanisuka nywele, na siku moja tukipukuchua mahindi akaniambia kwamba yeye na wazee wa ukoo wamekubaliana niolewe na mwanawe Ezekia.

Nilicheka, nikidhani ananitania. Ezekia ndiye aliyenibeba mgongoni nikiwa sijajua kutembea. Nimemwita kaka maisha yangu yote. Shangazi hakucheka. Alisema kwa Wahehe mtoto wa shangazi ndiye mume aliye karibu kuliko wote, ng'ombe hawaendi mbali, na mashamba hayaangukii mikononi mwa wageni. Nilimwambia kwamba mama yangu ni Mnyakyusa, na kwa Wanyakyusa mtoto wa shangazi ni ndugu, na kumwoa ndugu ni aibu ya kuhamisha watu kijiji. Akajibu kwamba mama yangu yuko Uyole na mimi niko Kilolo. Mdomo wa Shangazi unaujua.

Usidhani Ezekia ni mtu mbaya. Laiti angekuwa mbaya, ningekuwa na la kusema. Anaendesha lori la Mulji, yule mwenye duka pale Iringa mjini, na kila akija huku huniletea sukari na sabuni. Lakini ndiyo sababu siwezi kutoroka. Hakuna dereva wala taniboi wa barabara ya Mbeya asiyemjua, na wote wameshaanza kuniita shemeji. Nikipanda lori lolote, habari zitamfikia kabla sijafika Makambako.

Nilikwenda dukani kwa Mulji mwenyewe nikamwomba amwambie Ezekia aniache. Yule mzee alishika masikio yake yote mawili, akasema kwao Wahindu jambo hilo ni haramu kabisa, binamu ni dada. Nikapata matumaini. Lakini jirani yake Sakerbanu, Mwislamu, mke wa mwuza nguo, alikuwa amesimama pale pale, naye akasema yeye ameolewa na mtoto wa baba yake mkubwa, tena kwao ndiyo heshima, na mumewe hajawahi kumpiga. Wakaanza kubishana wao kwa wao kwa Kigujarati, mimi wakanisahau. Nilirudi mikono mitupu.

Ndipo nikalikimbilia Kanisa. Nilijua kutoka katekisimu kwamba Kanisa linakataza ndoa ya binamu, nikasema kimoyomoyo kwamba nimepona. Padri wetu sasa ni Padri Donali, Mwailandi, mtu mrefu mwenye uso mwekundu, anayesema mvua na viazi vya Kilolo vinamkumbusha kwao. Alinisikiliza vizuri. Kisha, badala ya kukasirika, macho yakamng'aa. Akaniambia kwamba kwao zamani, kabla Waingereza hawajawaletea sheria zao, walikuwa na mahakimu wenye sheria za kale sana, naye anazisoma mpaka leo. Katika sheria hizo, mtu akifa bila mtoto wa kiume, binti yake alishika ardhi maisha yake yote, na ukoo ulimhimiza aolewe na mtoto wa baba mkubwa au mdogo ili ardhi isitoke. Maaskofu wa zamani walipiga kelele, na watu wakaendelea kuoana. Alifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini. Mimi nilikuwa nimekaa pale nikingoja aseme hapana.

Siku wazee walipokuja kwake, akawasimulia hayo hayo. Akaongeza kwamba siku hizi huko Ulaya wako watu wanaojiita wapagani kwa kujisifu, na wanasema mababu waliruhusu hili na lile, kumbe wanachagua tu lile linalowapendeza na mengine wanayaacha. Shangazi alishangaa mno kusikia kuna Mzungu anayejiita mpagani kwa hiari yake, wakati yeye Jumapili hukaa benchi la mbele ili asiitwe hivyo. Lakini neno la kuchagua lilimpita kando. Alichoshika ni kwamba hata Wazungu walioa hivyo.

Padri alisema sheria ya Kanisa ni sheria, lakini kwa sababu nzuri Askofu anaweza kutoa ruhusa. Akaandika kuomba ruhusa hiyo. Kila mlango niliogonga ili ndoa hii izuiwe, Mama, ulifunguka kunielekeza kwa Ezekia. Padri aliniuliza kama mimi nakubali, na kabla sijafumbua mdomo Shangazi akajibu kwamba msichana mwenye adabu hunyamaza. Nikanyamaza. Nilijichukia kwa kunyamaza kule, lakini Mzee Kalinga alikuwa ananitazama, na ndiye aliyemfumba baba macho. Nilibaki na tumaini moja tu, kwamba Askofu atakawia au atakataa.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya niandike. Naomba kama umesimama, ukae.

Juma lililopita Padri aliwaita wazee tena, akasema majibu ya Askofu yako karibu na yanaelekea kuwa mazuri. Hofu ikanipanda. Nikawaza kwamba Shangazi anachotaka ni ardhi ya kaka yake ibaki katika damu yao. Basi nikiwa si damu yao watanifukuza, nami nitakuja kwako Uyole sina kitu, lakini niko huru. Nikasimama mbele ya Padri, Mzee Kalinga, Shangazi na Ezekia, nikashika msalaba, nikasema mimi si mtoto wa marehemu Yohane. Nikasema wewe uliniambia hivyo siku ya kuondoka.

Nilikusingizia, Mama. Nilikuvua nguo mbele ya watu ili mimi nipate njia. Wakati natamka nilikuwa na aibu mpaka masikio yakaziba, lakini moyoni nilijua ni uongo, nikasema Mungu na wewe mtanisamehe.

Nilingoja kelele. Hakuna aliyepiga kelele. Mzee Kalinga alitazama chini, kisha akasema kwa upole kwamba wao walijua. Alisema ulifika Kilolo kutoka kwenu ukiwa na mimba, baba alijua, akakuchukua hivyo hivyo na kukataza mtu yeyote asinitajie. Shangazi akasema ndiyo maana alihangaika na ndoa hii: kaka yake aligawa ardhi ya ukoo kwa mtoto asiye wa ukoo, na njia ya kuirudisha bila kuvunja neno la marehemu ni mimi kuzaa na Ezekia. Mpaka hapo walikuwa wamemficha Padri kwa ajili ya heshima yako. Padri akasema ikiwa hakuna damu, hakuna kizuizi, na ruhusa ya Askofu haihitajiki tena. Tangazo la kwanza la ndoa litasomwa kanisani Jumapili ijayo. Nje Ezekia aliniambia kwamba sasa nisimwite tena kaka.

Mama, ule ulikuwa uongo wangu. Niliutunga mimi. Njoo upesi uwaambie kwamba niliutunga. Na kama sikuutunga, niandikie jina la huyo aliyenizaa, maana kwa sheria ya kwenu Wanyakyusa wako vijana mahali fulani ambao ni ndugu zangu, na mimi sijui nikikutana nao niwaiteje.

Nisalimie bibi, nisalimie wajomba na wote wanaoniulizia hapo Uyole. Barua hii anaileta Mwalimu Gideoni wa shule ya hapa, mkono kwa mkono. Mpe majibu huyo huyo.

Jina la baba sikuliandika hapa chini. Nimekuachia nafasi yake.

Mimi mwanao akupendaye,
Sekela