Kompyuta Ndani ya Mashine ya Magari

JESHI LA POLISI TANZANIA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Rukaiya Shomari Mwinyimkuu
Umri: Miaka 44
Kazi: Fundi wa mashine za michezo
Makazi: Mtoni, Temeke
Tarehe: 14 Mei 2025

Nimeonywa kusema ukweli, na ukweli ndio nitakaousema, hata pale ambapo haunifurahishi.

Mimi ni fundi wa mashine kubwa za michezo, zile za kukaa ukashika usukani au kusimama ukapiga ngoma. Banda langu liko Mtoni, karibu na Barabara ya Kilwa. Mtuhumiwa Audax Rwegasira namfahamu. Ni fundi wa kazi hiyohiyo, na banda lake liko Kiwalani. Hatuelewani. Mwaka jana mteja wangu, Mama Jovina, mwenye ukumbi wa michezo ya watoto Mikocheni, alinihama akaenda kwake. Tangu hapo tukikutana kwenye maduka ya vifaa Kariakoo, kila mtu anajifanya anasoma bei.

Leo majira ya saa nne asubuhi Mama Jovina alinipigia simu. Alikuwa analia. Nikamwamkia, hata shikamoo yangu hakuipokea.

Akasema, "Mwanangu, Audax kaniibia! Kijana wa nyumbani kabisa, wa Bukoba! Kang'oa ubongo wa mashine ya magari, kaniwekea kompyuta ya ofisini. Nimefungua mlango wa nyuma nifute vumbi, nikaiona kwa macho yangu. Yuko polisi tangu jana. Njoo uwaambie, wewe unaijua ile mashine."

Sitaficha kitu, nilifurahi. Nilifunga banda, nikavaa baibui jipya kama ninayekwenda harusini, nikachukua bodaboda hadi Mikocheni.

Ukumbini nilimkuta Mama Jovina pamoja na Sajini Lusungu, huyu anayeandika maelezo haya. Mama Jovina alinishika mkono akaniambia, "Huyu akifungwa, mashine zangu zote zinarudi kwako." Nilipiga magoti nyuma ya mashine, nikawasha tochi ya simu.

Ni kweli ndani mlikuwa na kompyuta. Ubao mkuu wa umeme, kadi ya picha, diski, feni, vyote vya aina inayouzwa madukani. Lakini ndivyo mashine ile ilivyotoka kiwandani. Zile za zamani nyingi zilikuwa na ubao wao wenyewe, uliotengenezwa kwa mchezo tu. Baadaye watengenezaji wakaona ya nini kujitesa, wakawa wanachukua kompyuta ya kawaida, wanaipakia mchezo mmoja, kisha wanaifunga kwa ufunguo mdogo unaochomekwa kama flashi. Ufunguo usipokuwepo, mchezo hauchezeki. Mie napenda sana akili hiyo. Kifaa kilekile cha kuandikia barua ya kuomba kazi, ukikipa usukani, kiti na spika nzuri, mtoto anapiga kelele hadi mtaa wa pili. Mama Jovina hakuwa anajua hilo, wala simlaumu, maana mwenye mashine haoni ndani, anaona kioo.

Sasa, sisi mafundi tuna desturi. Kila kifaa muhimu kwenye mashine ya mteja tunakitia alama, ili asije akasema tumekibadilisha. Yangu ni tone la rangi ya kucha, nyekundu. Nilizitafuta nikazipata zote, kwenye ubao, kwenye diski na kwenye ufunguo. Ni vilevile nilivyoviacha mimi. Audax angeweza kuzifuta akajisifu kwamba kazi yote ni yake. Hakuzifuta. Ameweka tone lake la bluu pembeni ya langu, kwa adabu, kama mtu anayesogea kwenye mkeka ili mwenzake apate pa kukaa.

Kifaa kikubwa kilichobadilishwa ni kimoja tu, kadi ya picha. Mashine ile haipokei kadi yoyote, inataka aina iliyotoka nayo, na aina hiyo haitengenezwi tena. Mwaka jana niliitafuta mji mzima nikachoka, nikamwambia Mama Jovina aiuze mashine kama chuma chakavu. Ndipo aliponihama. Audax ameipata. Alikoipata sijui, na roho inaniuma kwamba sijui. Ile mbovu ameirudisha, ameifunga kwenye mfuko wa nailoni na kuiegesha chini ndani ya kabati la mashine, maana cha mteja ni cha mteja hata kikifa.

Hakuishia hapo. Kwenye ubao, vile vikopo vidogo vya umeme ambavyo joto huvivimbisha vichwa, amevibadilisha kimoja kimoja, na risasi aliyochomelea inang'aa, hakuna tone lililomwagika. Matundu ya hewa ameyafunika kwa kipande cha chandarua, vumbi lisiingie na feni ipumue. Hilo sikuwahi kuliwaza. Niliangalia hadi nikasahau kwamba nimekuja kumfunga mtu.

Sajini akaniuliza, "Mbona kimya, sista?"

Nikamjibu, "Naangalia kazi, afande."

Nilimwomba achomoe ufunguo kwa mkono wake mwenyewe. Tulipowasha, kioo kilitoa maandishi meupe kikagoma hapo. Akauchomeka, tukazima na kuwasha tena, mlio wa injini ukajaa ukumbini. Afande akakaa, akashika usukani kwa ajili ya uchunguzi. Aligonga ukuta kona ya kwanza, akasema uchunguzi urudiwe. Naomba na hilo liandikwe.

Mama Jovina aliuliza, "Kwa hiyo hajaniibia?"

Nikamwambia, "Hajakuibia, mama. Hii ndiyo mashine yako uliyoinunua, ila sasa ni nzima kuliko ulivyoinunua."

Alikaa kwenye kiti cha dereva, akajifunika uso kwa khanga. Alisema, "Mungu wangu, nimemlaza mtoto wa watu ndani." Nilimshika bega.

Sasa tuko kituoni, na afande ameniuliza kama nina la kuongeza. Ninalo. Mashine ile ilinishinda mimi, Audax ameiweza. Sijawahi kumsifu, na kwa jinsi tulivyo sidhani kama mdomo wangu utaweza kumwambia ana kwa ana. Kwa hiyo naomba iandikwe hapa, kwa wino wa serikali, kwamba yule ni fundi kunizidi.

Haya ndiyo maelezo yangu. Nimesomewa, nimeyasikia, na hakuna neno ninalolirudisha.

Sahihi ya shahidi: R. S. Mwinyimkuu

MAELEZO YA ASKARI: Nimeyaandika mimi, Sajini Lusungu Mwakyoma, kama shahidi alivyoyasema, pamoja na yale yanayonihusu. Mlalamikaji amefuta malalamiko yake na mtuhumiwa ameachiwa saa kumi jioni. Kabla ya kuondoka aliomba asomewe maelezo haya. Nilipofika mwisho aliomba nirudie sehemu ile, nikarudia. Akauliza shahidi ameondoka saa ngapi. Nilimjibu kwamba hajaondoka, yuko kwenye benchi la nje, anamsubiri.