Gogo Nje ya Lango

Ghorofa ya Pili, Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Kiwanda cha Uchapaji.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Kuna swali ambalo nimeshindana nalo tangu ulipoondoka: je, anayembeba mtu asiyekuwepo humsaidia yule anayebebwa, au hujisaidia mwenyewe? Nimelitanguliza ili ulijue, na sasa naliweka kando, kwa kuwa tulilelewa katika nyumba ambayo neno halikuruhusiwa kuitangulia salamu.

Hujambo, mdogo wangu? Afya yako inaendeleaje, na kile kikohozi ulichokitaja kwa maneno mawili kwenye simu, kimekuacha? Unakula kwa wakati, au bado unakula ukiwa umesimama kama mtu anayefukuzwa? Mimi ni mzima, ila macho yanaanza kudai miwani nyingine. Mama naye hajambo. Amehamia kwa dada mkubwa, maana magoti yake hayapatani tena na ngazi zetu. Amekwenda na kiti chake na redio yake, na mahali vilipokuwa sakafu ni nyeupe kuliko kwingine. Chumba chako nakifagia, lakini sijabadilisha kitu.

Kazini ningali nahariri vitabu vya shule. Kila baada ya miaka michache tunatoa toleo jipya: tunabadilisha jalada, tunahamisha mazoezi kutoka sura hii hadi ile, na walimu wanatulaani kwa sauti moja. Siku zote nimewaona walimu hao kuwa watu wagumu, wasiopenda kujifunza. Leo naanza kushuku kwamba niliwahukumu upesi, kwa sababu jambo hilohilo limenifika nami.

Mchezo wetu wa mezani, ule wa hadithi na dadu ambao kila mtu huchezesha mhusika wake, umetolewa toleo jipya la kitabu cha kanuni. Labda huko uliko umeshasikia, labda hukusikia. Kasuku, binamu yetu aliyerithi kiti chako cha msimulizi, alikuja na kitabu hicho karakanani kwa Fundi wa redio Jumamosi moja alasiri, akakiweka mezani katikati ya waya na spika zilizofunguliwa, akatutazama kama mtu aliyeleta mtoto mchanga. Fundi alikiinua, akakinusa, akasema, "Gundi tupu. Kitu kinachofanya kazi hakifunguliwi, jamani."

Muuguzi alikuwa na maoni mengine. Yeye, ambaye mhusika wake ndiye tabibu wa kundi, alifungua sura ya matibabu akaisoma huku akicheka peke yake. Katika toleo la zamani kila jeraha lilihitaji hesabu. Katika hili unatupa dadu mara moja, mambo yamekwisha. "Wodini nahesabu dozi tangu asubuhi," alisema. "Hapa nimekuja kupumzika, si kuongezewa zamu." Fundi akamwambia kwamba mgonjwa asiyehesabiwa dawa ni marehemu mtarajiwa. Muuguzi akamjibu kwamba yeye marehemu wake ni redio, na hajawahi kumfufua hata mmoja kwa siku aliyoahidi. Hivyo ndivyo tulivyopokea toleo jipya kwa saa nzima, na nakiri nilifurahi, maana nyumbani kwangu siku hizi hakuna wa kugombana naye.

Kisha Kasuku akafika kwenye ukurasa unaokuhusu.

Wewe unazijua kanuni kuliko sisi sote, lakini vumilia niieleze hii upya, kwani mambo mengine siyaoni sawasawa mpaka niyaandike. Katika toleo la zamani, mchezaji asipokuwepo mezani mhusika wake hulala, na mmoja wetu sharti ambebe. Anayembeba hutembea nusu ya mwendo wake, hapandi ukuta, na mkono wake mmoja hauna kazi nyingine. Ulipoondoka nilisema nitambeba mlinzi wako, yule uliyemchezesha huku ukisimulia, mimi ambaye mhusika wangu ni mchora ramani mwenye mabega membamba. Tulidhani ni kwa muda mfupi. Usingizi ule ulipozidi, wenzetu wakambatiza Gogo, nawe ulivyokuwa ukilala unajua kwa nini. Mama kila nikimtembelea huniuliza, "Yule bado mnambeba?" Nikisema tunambeba, anarudi kwenye redio yake, ametulia.

Tangu hapo kundi zima limepita njia za tambarare kwa sababu yangu. Hatukupanda mlima hata mmoja. Muuguzi ndiye aliyewahi kunung'unika, tena kwa utani: "Asiyekuwepo na lake halipo, isipokuwa huyu, ambaye lake tunalibeba sisi." Nilicheka pamoja nao. Methali nyingine inasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini sikuwahi kumlaumu yeyote kwa hilo, kwa sababu wao nao walitembea polepole pamoja nami, na hakuna kanuni iliyowalazimisha.

Toleo jipya limeufuta mzigo huo. Mahali pake pana sentensi moja tu: mhusika wa mchezaji asiyekuwepo huhesabiwa kuwa yupo karibu, bila kuwa mzigo wala msaada. Mdogo wangu, sentensi hiyo ni safi. Ingepita mezani kwangu kazini nisingeigusa hata nukta. Niliisoma nikatafuta kosa kama ninavyolipwa kutafuta, nikalikosa, na hilo ndilo lililoniuma.

Tulikubaliana tulijaribu toleo hilo kwa Jumamosi moja. Unakumbuka kete alizotutengenezea Fundi: yangu ni nati nene ya chuma, na yako ni fyuzi ndogo ya kioo inayoingia barabara katika tundu la nati. Ndivyo nilivyokubeba muda wote huu, umesimama ndani yangu. Siku hiyo Kasuku aliichomoa fyuzi kwa adabu, kwa vidole viwili, akailaza kando ya ubao. Haiwezi kusimama yenyewe. Ilibingirika kidogo, Fundi akaizuia kwa kipande cha waya, tukaanza.

Tulikuwa tunakimbilia ngome, nyuma yetu kuna moto wa nyika, na lango la ngome linashuka. Wenzangu walipita. Ikawa zamu yangu. Nikatupa dadu, nikahesabu, nikaisogeza nati yangu, nikaondoa mkono. Niliishia hatua chache kabla ya lango.

"Dada, songa basi! Lango linashuka hilo," alisema Kasuku.

Nikamwambia nimefika mwisho wa mwendo wangu.

"Mwendo gani huo?" Muuguzi akauliza. "Leo umeazima miguu ya nani?"

Fundi hakuinua macho. Alisema taratibu, "Amegawa kwa mbili. Bado anambeba."

Kasuku, ambaye unamjua hawezi kuupumzisha mdomo, akasema, "Dada, humbebi mtu tena. Ukurasa wenyewe umefutwa. Hebu rudia hesabu yako, hatutamwambia mtu."

Sikurudia. Wewe ndiye uliyeiweka desturi ya meza yetu kwamba kete ikiachwa na mkono imekwenda, na desturi hiyo haimo katika kitabu chochote, kwa hiyo hakuna toleo linaloweza kuifuta. Lango likashuka. Nikabaki nje ya ngome, na kwa mara ya kwanza nilikuwa peke yangu kwelikweli, kwa kuwa hata wewe hukuwa begani.

Nimejaribu kulitazama jambo hili kwa akili niliyosomeshwa. Nimejiambia kwamba ni mazoea tu ya mkono, kama mtu aliyehama nyumba anavyopapasa swichi ukutani mahali isipokuwepo. Maelezo hayo yanatosha kwa mkono. Sina hakika kama yananitosha mimi. Nilipokuwa nikirudi nyumbani na kupanda ngazi zetu, niligundua napanda polepole, nami sina magoti ya mama.

Huenda nilikubeba ili usipotee. Huenda pia nilikubeba ili niwe na sababu ya kwenda polepole, na ili wenzangu wawe na sababu ya kunisubiri. Kila nikiegemea jibu moja, la pili linanivuta upindo wa nguo. Utasema ndiyo maana mliniita Mama Lakini. Sikatai.

Sasa lipo jambo la kuamua, na ndilo lililonifanya nikuandikie barua badala ya kukupigia, kwa sababu kwenye simu unanijibu kwamba uko salama na kazi ni nyingi, kisha mtandao unakatika au unakatwa. Kasuku amesema lazima ajue: pale nje ya lango niko peke yangu, au niko na Gogo? Nikiwa peke yangu, nina miguu yangu yote, nitapanda ukuta na kuwafuata wenzangu ndani. Nikiwa na Gogo, siwezi kupanda; itabidi nizunguke kwa njia ndefu, na huenda nisiwakute. Fundi amejitolea kuichomelea kanuni ya zamani kwenye kitabu kipya, hayo ni maneno yake, na Muuguzi ameridhia, akisema mgonjwa wa muda mrefu hafukuzwi wodini kwa sababu mwongozo umebadilika. Kwa hiyo hakuna anayenilazimisha. Ningelazimishwa ingekuwa nafuu.

Nimewaomba wasubiri jibu lako. Wao wanaendelea na mambo yao ndani ya ngome, nami kila Jumamosi nakwenda, nakaa kwenye kiti changu, nati yangu ikiwa nje ya lango, nawasikiliza wakicheka. Fyuzi nimekuja nayo nyumbani, iko dirishani mbele yangu ninapoandika. Kioo chake kimepata weusi kidogo. Fundi alitaka kuipima kama bado inapitisha umeme, kazi ya kufumba na kufumbua. Nilimwambia aiache.

Sikuulizi kama utarudi. Naogopa kuliuliza hilo kwa sababu unaweza kunijibu. Nakuuliza dogo zaidi: unataka Gogo aamshwe, aachwe, au abebwe? Niandikie neno moja tu, kwa mkono wako. Lile swali langu la mwanzo sijalijibu, na sidhani kama nitalijibu, maana nusu ya jibu ni yangu na nusu nyingine ni yako, na nusu yako hujawahi kuisema. Hata mama sijamwambia kuhusu toleo jipya. Juzi aliniuliza kama kawaida, nikamwambia tunakubeba.

Mama anakusalimu sana, anasema uvae kitu kizito kifuani. Dada mkubwa anakusalimu na kukukumbusha kwamba ana watoto wasiokujua sura. Kasuku anasema kiti chako kinambana. Muuguzi anauliza kikohozi ni kikavu au cha makohozi, na anataka jibu kamili. Fundi amenipa dadu yako ya zamani niitie humu, ile iliyomeguka pembe, nawe utaikuta ndani ya bahasha, chini kabisa.

Mungu akulinde unapotoka na unapoingia, na akuweke mikononi mwa watu watakaokungoja unapochelewa.

Ni mimi dada yako, ningali nakupenda kwa kanuni za toleo la zamani,

Mama Lakini